Dada Halo na Simu za Handaki

Nianze na aibu yangu, maana nisipoianza mimi wataianza wengine, na wao watatia chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu kwenye chumba cha uangalizi siku lori la magodoro liliposhika moto ndani ya handaki. Lakini habari hii si yangu. Ni ya mwanamke mmoja msafishaji, ambaye kwa miaka sita nilimsikia kila asubuhi bila kumwona uso.

Tulimwita Dada Halo. Handaki letu linapita chini ya mlima, kilomita tatu na ushee, na lina njia mbili zilizolala ubavu kwa ubavu: ya kupandia na ya kushukia. Kila njia ina simu za dharura ishirini na mbili ukutani, ndani ya visanduku vyekundu. Ukinyanyua mkono wa simu huna haja ya kubonyeza kitu, inalia kwangu juu moja kwa moja. Kazi ya Dada Halo ilikuwa kusugua masizi kwenye kuta na milango, na kila asubuhi saa nne, foleni ikishapungua, kutembea kwenye njia ya miguu akijaribu simu moja baada ya nyingine. Leo njia hii, kesho ile. Yeye anataja namba na kuuliza kama anasikika, mimi namjibu na kutia tiki daftarini. Kisha, kwa mujibu wa utaratibu uliobandikwa ukutani, mimi nampigia yeye ili tujue kama kengele ya pale nayo inalia.

"Halo, halo. Namba moja hapa. Nasikika, Kaka wa Juu?"

Hilo la Kaka wa Juu alinipa yeye, kwa kuwa chumba chetu kiko kwenye mdomo wa juu wa handaki, na yeye alikuwa akiingilia mdomo wa chini. Kati yetu palikuwa na mlima mzima. Sikuwahi kushuka, naye hakuwahi kupewa ruhusa ya kupanda.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu. Nilimjibu, nilimpigia, na kati ya simu na simu tulipiga soga. Ndiyo maana najua kwamba alifiwa na mume mapema, kwamba alimlea binti yake kwa kufua nguo za watu, na kwamba koti lake la njano lilikuwa la mwanamume mnene aliyeacha kazi, hivyo mikono alikuwa akiikunja mara tatu. Najua pia kwamba alikuwa akiogopa chumba kilichofungwa. Alipokuwa mdogo mama yake wa kambo alimfungia stoo kutwa nzima kwa kosa la kuvunja bakuli, na tangu siku hiyo halali bila dirisha wazi, hata mvua ikinyesha.

"Sasa dada, mtu anaogopa chumba halafu anakuja kufanya kazi handakini?" nilimuuliza.

"Handaki lina mlango huku na mlango kule, kaka. Chumba kina mmoja tu. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la tano naiweza."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo haukumlala, lakini hakuwa na neno baya.

Mazoea yana taabu. Mwaka wa pili niliacha kumpigia, nikajiambia kengele zote ni za aina moja, ikilia moja zimelia zote. Alilalamika. "Kaka wa Juu, leo tena hunipigii?" Nikamwambia nina kazi nyingi. Mwaka wa tatu nikaanza kutia tiki zote ishirini na mbili kabla hajaanza kutembea. Mwaka wa nne nikagundua kwamba chini ya meza kuna swichi ya kuzima kengele, na nikawa naizima saa nne hadi saa tano. Taa ya kila simu bado ilimulika mezani, nami nikijisikia nilinyanyua na kusema "sawa dada, endelea," nisipojisikia niliiacha imulike mpaka ichoke. Hakuna aliyenikamata. Daftari langu lilikuwa safi kuliko madaftari yote ya zamu zote, na mkubwa wetu aliwahi kulionyesha kwa wageni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa namenya chungwa huku nikibishana na fundi wa umeme kuhusu mpira. Saa nne na dakika ishirini taa ya simu ya kumi na tatu, njia ya kupandia, ikamulika.

"Simu hiyo," fundi akasema.

"Ni Dada Halo na mambo yake," nikamjibu, nikaendelea na chungwa.

Kilichokuwa kikiendelea huko chini alikieleza mwenyewe baadaye mbele ya kamati, kwa utulivu ambao ulinitoa jasho. Lori lilikuja nyuma yake likitoa moshi chini ya turubai, likasimama kati ya simu ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Dereva akaruka na kukimbia kuelekea chini. Nyuma ya lori magari yakafunga njia. Mbele yake magari yalikuwa yamesimama pia, kwa sababu ya ukaguzi huko nje. Waliokuwa mbele zaidi walitoka mbio kuelekea mdomo wa juu. Waliokuwa karibu na moto walikuwa watu tisa, na moshi wa magodoro mweusi kama lami uliwapita juu ya vichwa, kwa sababu moshi hupenda kupanda na wao walikuwa upande wa kupanda. Dada Halo aliwakusanya pale kwenye simu yake. Alinyanyua, akangoja. Hakuna. Akarudisha, akanyanyua tena.

Mtu atauliza kwa nini hakuwatoa tu. Mdomo wa juu ulikuwa zaidi ya kilomita moja mbele, na moshi ulikuwa umeshawatangulia huko. Kando ya simu ya kumi na nne, hatua kama mia na hamsini mbele, kuna chumba cha usalama kinachounganisha njia mbili. Mlango wa upande wake hufunguka kwa kusukuma, ila ule wa upande wa pili unafungwa kwa umeme, maana unatokea barabarani ambako magari yanateremka kwa kasi. Haufunguki mpaka mimi nisimamishe magari na kubonyeza kitufe. Ndiyo maana wasafishaji walifundishwa sharti moja, wakalisaini: usihamishe watu kabla ya kuulizia juu. Yeye aliulizia. Aliulizia mara nne, dakika sita nzima, huku watu wakikohoa na fundi cherehani mmoja, mama mwenye pumu, akichuchumaa miguuni pake na kushika pindo la lile koti.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa nafuta mikono maji ya chungwa.

Saa nne na dakika ishirini na sita Dada Halo alivunja sharti, akawaambia washikane nguo na kumfuata. Dakika moja baadaye king'ora cha joto kililia juu kwangu. Nikatazama kamera: tatu nyeusi tii, ya nne moto mtupu. Fundi akaita jina la Mungu. Mimi nikampigia kamanda wa zimamoto, nikakosea namba mara mbili. Ndipo taa nyingine ikamulika, ya simu iliyomo ndani ya chumba cha kumi na nne. Nilinyanyua kabla haijamulika mara ya pili.

"Kaka wa Juu," akasema. Hakusema halo. "Nina watu tisa chumbani. Nimefunga mlango wa moshi. Nifungulie wa pili."

Nilisimamisha magari ya kushuka, nikangoja kamera zinionyeshe njia tupu, nikabonyeza kitufe. Nilitegemea kumsikia akisema umefunguka.

"Bonyeza basi, kaka."

"Nimebonyeza."

"Haujafunguka."

Nikabonyeza mpaka ukucha ukauma. Papo hapo taa za njia ya kushukia nazo zikazimika zote, kamera zikawa giza. Fundi aliangalia ubao wake na kusema kwa sauti ndogo kwamba waya mkubwa wa handaki unapita juu ya lile lori. Umeme wa milango ulikuwa umeungua. Mlango ule sasa ungefunguliwa kwa mtarimbo tu, na kutokea upande wa nje. Nyuma yao moto, mbele yao chuma. Kwa mujibu wa karatasi zetu chumba kile kinahimili moshi kwa muda wa saa moja, lakini waliopima hawakuutia hesabuni mpira wa kuzibia mlango, uliokauka kwa miaka. Aliniambia moshi unaingia chini ya mlango.

"Vueni nguo mzibe," nikasema.

"Tushaziba. Koti langu limepata kazi hatimaye, lilikuwa kubwa la kutosha." Kisha akashusha sauti. "Kaka, mimi na vyumba unajua."

Nilijua. Mtu aliyeshindwa kulala bila dirisha alikuwa ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe na kujaza mwanya kwa koti lake. Nilisema niko hapa, na neno lenyewe likanisuta nilipolitamka.

Kamanda wa zimamoto alifika mdomo wa chini na magari mawili, akaniita kwa redio. Alitaka kuingia njia ya kupandia, aukabili moto uso kwa uso. Nikamuuliza Dada Halo.

"Mwambie asithubutu. Nyuma ya lori magari yamebanana, gari lake halipiti. Waje njia ya kushukia, waende kwa miguu wakipenda, wavunje mlango huu. Mlango wa kumi na nne."

Nikamwambia kamanda. Akauliza watu wangapi, hali gani, moshi unaelekea wapi, na kila swali nililipeleka chini na kurudisha jibu juu. Yeye ndiye aliyekuwa macho yetu, na alikuwa gizani. Kamanda akaingia njia ya kushukia na vijana wake sita. Nilisikia pumzi zao redioni, buti zao, kamanda akisema "tumepita mlango wa tatu, wa nne." Halafu redio ikakoroma, ikakata. Waya wa redio ulilala ubavuni mwa ule wa umeme, nao ukamfuata mwenziwe kwenye kifo. Simu tu ndizo zilizobaki, kwa sababu waya wake umezikwa chini ya njia ya miguu.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kunaswa, nikiwa kwenye kiti cha kuzunguka, mlango wangu ukiwa wazi. Sikuweza kuwaambia zimamoto neno. Sikuweza kumfungulia mtu kitu. Moshi uliotoka mdomo wa juu ulikuwa umegeuka na kunyonywa na njia ya pili, kwa hiyo wale vijana walikuwa wakitembea gizani ndani ya ukungu mweusi, wakihesabu milango kwa kupapasa. Na milango ya handaki si ya vyumba vya usalama tu. Kuna ya makabati ya nyaya, ya chuma vilevile, ya rangi ileile.

Dada Halo alikuwa akiwaita watu wake kila baada ya muda kidogo, mmoja mmoja, waitike. Nilisikia wanane. Wa tisa, yule fundi cherehani, alikuwa akiitika kwa kugonga sakafu na kidole.

"Kaka wa Juu. Nasikia wanagonga."

Nilisimama. "Wamefika!"

"Hawajafika. Wanagonga mbali, upande wa chini. Wanavunja mlango usio wetu."

Nikasikia wenzake wakianza kupiga kelele na kupiga mlango kwa viganja. Aliwanyamazisha: mlango mnene vile haupitishi kelele za mtu hadi huko, wanamaliza hewa bure. Watu wakalia. Mwanamume mmoja alitaka kufungua mlango wa moshi akimbie, na nikamsikia Dada Halo akimwambia, "Ukifungua umetuua sote kumi. Kaa chini baba, kaa karibu yangu, nami naogopa kama wewe." Akakaa.

Akarudi kwangu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Simu ya kumi na nne ya njia ya kushukia iko nje ya mlango huu huu. Ipigie. Wataifuata kengele."

Nadhani alijua kwa nini sikupiga papo hapo. Simu hiyo sikuwa nimeipigia kwa miaka minne. Sikujua kama inalia. Tiki zake zote zilikuwa uongo.

"Inalia, kaka," akasema. "Mwezi uliopita nilimng'ang'ania fundi mpaka akaitengeneza, maana wewe hukuwa unanipigia. Ipige tu."

Nilimgeukia fundi. Akaitikia kwa kichwa. "Alinisumbua wiki nzima," akasema, macho sakafuni.

Nikapiga. Kwenye sikio moja nilisikia mlio wa simu ikiita, kwenye sikio la pili nilimsikia Dada Halo akiweka shavu kwenye mlango. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Inalia," akasema, na wale watu nyuma yake wakarudia, inalia, inalia.

Sikuikata. Niliiacha ilie. Kule kugonga kwa mbali kukakoma. Kisha mtu akainyanyua ile simu ya nje na sauti ya kamanda, nyuma ya barakoa, ikauliza, "Nani huyu?"

"Usikate!" nikapiga kelele. "Mlango ulio mbele yako. Wako ndani. Vunja!"

Walivunja kwa dakika nne. Kumi wote walitoka kwa miguu au kwa kubebwa. Dada Halo alitoka wa mwisho, na aliurudisha mkono wa simu mahali pake kabla ya kutoka. Nilisikia ukikaa.

Fundi cherehani alifariki siku ya tatu hospitalini. Daktari alisema moshi uliomuua hakuuvuta chumbani, aliuvuta kabla, pale waliposimama kungoja. Dakika sita. Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na daktari hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa akiiambia kamati, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Kamati ilimuuliza Dada Halo alipiga mara ngapi.

"Mara nne."

"Alipokea?"

"Muulizeni yeye. Yuko nyuma ya pazia hapo."

Walikuwa wametutenganisha kwa pazia, mashahidi wasionane. Nikasema kweli yote: swichi, tiki, chungwa. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu daftari la siku ile lilionyesha simu ya ishirini na mbili imejaribiwa, na aliyetakiwa kuijaribu alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha kumi na nne. Nilipewa barua ya onyo, swichi ikang'olewa. Kwa nini sikufukuzwa sijui. Nadhani hakuna aliyetaka kukaa kwenye kiti changu.

Handaki lilifunguliwa baada ya miezi mitatu. Asubuhi ya kwanza, saa nne kasoro, mlango wa chumba chetu ukagongwa. Akaingia mwanamke mfupi, mwembamba kuliko sauti yake, amevaa koti jipya la njano linalomtosha. Nilimjua alipovuta pumzi kabla ya kusema.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Nilidhani una ndevu."

Nilitaka kupiga magoti, nimwambie yote niliyoyapanga kwa miezi mitatu. Alikuwa akiangalia chini ya meza, palipokuwa na swichi. Palibaki matundu mawili ya skrubu.

"Leo shuka wewe," akasema. "Kajaribu simu. Mimi nitapokea."

Fundi akaniangalia, nikachukua kitambaa chake Dada Halo cha kusugulia masizi. Nilishuka kwa gari la kazi hadi mdomo wa chini, nikaanza kutembea. Sikuwahi kujua kule ndani kunavyonguruma. Magari yanapita kiwiko kimoja kutoka ubavuni, upepo wake unakusukuma ukutani, na mapafu yanajaa vumbi kabla hujafika ya tatu. Namba moja alipokea papo hapo. "Unasikika. Subiri nikupigie." Akapiga, kengele ikalia, akakata. Namba mbili vilevile. Ya nane, ya kumi na mbili, vilevile, bila soga, bila mzaha.

Kwenye ya kumi na tatu nikanyanyua, nikasikia inaita. Haikupokelewa. Nikangoja. Ukuta mbele yangu bado ulikuwa mweusi. Nikarudisha, nikanyanyua tena. Inaita. Nilijua kengele inamlilia pale juu, kwa kuwa hakuna tena cha kuizima, na kwamba amekaa mbele yake na mikono mapajani. Mara ya tatu, inaita tu. Hapakuwa na moto, hapakuwa na moshi, na bado nilitazama huku na huku nikitafuta pa kukimbilia. Nikaangalia sakafu kando ya mguu wangu, mahali ambapo mama mmoja alichuchumaa kushika pindo la koti, nikalia kama mtoto, malori yakinipita.

Mara ya nne iliita, ikaita. Saa yangu ilitimiza dakika sita. Mkono wa simu wa juu ukanyanyuliwa.

"Unasikika," akasema Dada Halo. Naye alikuwa akilia. "Subiri nikupigie."